Haki ya Aliyechelewa

Msomaji, liko kosa moja ambalo siku hizi huhukumiwa kwa ukali kuliko makosa mengi yaliyo mabaya zaidi, nalo ni kosa la kuchelewa kujua. Kijana akisema mbele ya wenzake kwamba ameanza juzi kutazama sinema ambayo wao waliimaliza zamani, huchekwa. Akiongeza kwamba sinema yenyewe ilitengenezwa kabla yeye hajazaliwa, na pengine kabla wazazi wake hawajaoana, huchekwa mara mbili. Nakusudia kumtetea kijana huyo. Nasema kwamba aliyechelewa hana deni la kumlipa mtu. Na nasema tena kwamba katika mambo ya sanaa, mchelewaji mara nyingi huyaona ambayo waliowahi hawakuyaona. Wahenga walisema kawia ufike. Hawakusema kawia uaibike.

Ili maneno yangu yasiwe ya hewani, nachukua mfano mmoja na nitakaa nao mpaka mwisho. Mwaka 1979 ilitoka sinema iitwayo Alien, neno la Kiingereza ambalo maana yake ni mgeni. Ilitengenezwa na Mwingereza Ridley Scott, kwa hadithi iliyobuniwa na Wamarekani wawili, Dan O'Bannon na Ronald Shusett. Ni hadithi ya elimu ya kubuni, na papo hapo ni hadithi ya kutisha. Sinema hiyo ilizaa nyingine: Aliens ya James Cameron mwaka 1986, ya tatu ya David Fincher mwaka 1992, ya nne ya Mfaransa Jean-Pierre Jeunet mwaka 1997, na kadhalika mpaka Alien: Romulus ya mwaka 2024. Ukizihesabu pamoja na mbili ambazo dubwana wake anapambana na wawindaji wa mfululizo mwingine, zilikuwa tisa katika miaka 45. Mwaka 2025 zikafuatwa na hadithi ya televisheni. Basi mtu anayeanza leo anaanza na rundo kubwa mbele yake, na wa kumcheka ni wengi.

Wapinzani wa kwanza ni wale wasemao kwamba jambo la kale limepitwa na wakati. Hawa hupima sinema kama mtu apimavyo samaki sokoni: iliyovuliwa leo ni nzuri, ya juzi itupwe. Lakini kazi ya sanaa si samaki. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Na unyemi wa kitu kipya ndio unaotuzuia kuona kidonda chake. Wahakiki walioitazama Alien ilipotoka hawakuwa na kauli moja. Wako walioisifu na wako walioiona ni upuuzi uliopambwa. Mwaka 2002 maktaba kubwa ya taifa la Marekani, iliyoko Washington, iliiweka katika orodha ya sinema zinazostahili kuhifadhiwa daima. Ilipita miaka 23 kati ya ubishi ule na heshima ile. Aliyekuja baada ya miaka hiyo anakuta pumba zimekwisha kupepetwa na mchele uko katika ungo. Je, huyo amepata hasara gani?

Tena watu hao husema kwamba ufundi wa zamani ni duni, kwa kuwa siku hizi kompyuta huweza kuchora chochote. Usikubali maneno haya kabla ya kuangalia kazi yenyewe. Umbo la dubwana wa Alien lilibuniwa na mchoraji wa Uswisi aitwaye H. R. Giger; mitambo ya kichwa chake iliundwa na Mwitalia Carlo Rambaldi; na ndani ya vazi lile alisimama mtu hai. Mtu huyo alikuwa Mwafrika. Jina lake Bolaji Badejo, kijana wa Kinigeria aliyekuwa akisomea sanaa ya michoro mjini London, mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili. Hakuwa mchezaji wa sinema. Alionwa mahali pa starehe katika mtaa wa Soho, akaitwa, akafundishwa kujinyoosha na kujikunja polepole mpaka akawa hafanani na mwanadamu. Hakucheza sinema nyingine tena, na mwaka 1992 alifariki dunia. Waliowahi walimwogopa bila kumjua. Aliyechelewa anaweza kumjua, kumtaja na kumpa sifa yake. Usione vyaelea, vimeundwa. Na aliyeunda anastahili kuulizwa jina.

Angalia pia uchache wa kazi ile. Dubwana mwenyewe haonekani ila kwa dakika chache katika muda unaokaribia saa mbili. Muda mwingine wote unaona giza, mvuke, minyororo inayoning'inia na maji yanayodondoka, na moyo wako wenyewe ndio unaofanya kazi ya kutisha. Nyingi kati ya sinema za baadaye zilikuwa na fedha na mashine kuliko ile ya kwanza, zikaonyesha mengi, nazo zikaogopesha kidogo. Hilo ni somo kwa kila mwanafunzi anayeandika insha: asiyesema yote kwa mara moja husikilizwa mpaka mwisho.

Wapinzani wa pili husema hivi: hadithi hiyo imekwisha kujulikana, utaitazamaje na siri yake imetoka? Ni kweli kwamba liko tendo moja katika Alien, pale mtu anapokula na wenzake mezani na kiumbe kinatoboa kifua chake na kutoka, ambalo limesimuliwa na kuigizwa mara nyingi mpaka hata asiyeitazama sinema analijua. Lakini nakuuliza, msomaji: ni nani katika pwani yetu asiyejua kwamba Fumo Liyongo aliuawa kwa sindano ya shaba, na kwamba mkono ulioichoma sindano hiyo ulikuwa mkono wa mwanawe? Karne kwa karne watu wamekaa kitako kusikiliza habari hizo, na machozi yamewatoka pale pale walipojua yatawatoka. Mtoto naye humwomba bibi yake ngano ile ile ya jana, na bibi akiruka neno mtoto humsahihisha. Mshangao ni mlango wa hadithi tu. Hadithi yenye mlango na isiyo na nyumba humfaa mtu mara moja. Yenye nyumba humkaribisha mtu siku zote. Kama sinema inakufa siri yake ikitoka, haikuwa na uhai wa kutosha.

Sasa tazama nyumba ya hadithi hii, maana hapo ndipo penye jambo linalokuhusu wewe utakayetafuta kazi baada ya miaka michache. Watu saba wanarudi duniani katika merikebu ya anga ya mizigo iitwayo Nostromo, wamechukua shehena ya madini ya tani milioni 20. Si mashujaa, wala si wanajeshi. Ni wafanyakazi. Wawili kati yao, mafundi Parker na Brett, manung'uniko yao ya kwanza ni kwamba mafungu yao ya malipo ni madogo kuliko ya wengine. Merikebu inasikia wito kutoka sayari isiyojulikana. Hawataki kwenda, lakini wanasomewa mkataba wao, kwamba anayekataa kuuchunguza wito wa namna hiyo hupoteza malipo yake yote. Basi wanakwenda. Baadaye, wakati kifo kimekwisha kuingia kati yao, Ripley anagundua amri ya siri ambayo Kampuni iliitia katika mashine ya merikebu: kiumbe kile kiletwe salama, na wafanyakazi si kitu wakipotea. Mwenzao mmoja, Ash, aliyejulikana kuwa bwana wa sayansi, alikuwa mtu wa mashine aliyewekwa ili kuisimamia amri hiyo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Dubwana analo jino na mkia, na anaua kwa sababu ndiyo maumbile yake. Kampuni haina jino. Ina karatasi, sahihi na hesabu ya faida, na ndiyo iliyomwita dubwana mezani. Katika Aliens ya mwaka 1986 jambo hili linasemwa wazi zaidi. Familia za wakaaji zinatumwa na karani mmoja wa Kampuni kuangalia mahali penye hatari bila kuonywa, na zinaangamia, ila mtoto mmoja wa kike. Ripley anamwambia karani yule usoni kwamba hata madubwana hayauzani kwa ajili ya faida. Na katika Romulus ya mwaka 2024 vijana wa machimbo waliokwisha kutimiza saa zao za kazi wanaambiwa kwamba saa zimeongezwa. Hizi si habari za anga za mbali. Kila mtu anayetia sahihi mkataba asiousoma amekwisha panda Nostromo.

Hata jina la merikebu hiyo halikuokotwa njiani. Nostromo ni kitabu cha Joseph Conrad cha mwaka 1904, chenye habari za machimbo ya fedha na jinsi mali ile ilivyoharibu roho za watu. Conrad huyo ndiye aliyesafiri katika mto wa Kongo mwaka 1890 akiitumikia kampuni ya Kibelgiji, akayaona kwa macho yake yale yanayotendwa na faida isiyo na huruma. Aliyewahi kutazama mwaka 1979 bila kukisoma kitabu aliona jina tu. Aliyechelewa na kusoma kwanza anaona mstari uliochorwa kutoka Kongo mpaka kwenye nyota.

Liko jambo jingine ambalo mchelewaji wa leo analijua kuliko aliyewahi. Mwenzao mmoja, Kane, anarudi na kiumbe kimemgandamana usoni. Mlango wa merikebu umefungwa, na Ripley anakataa kuufungua, kwa sababu sheria inataka mgonjwa atengwe kwa saa 24. Wengine wanamwona katili. Ash anafungua, na wote wanamwona mwema. Watazamaji wengi wa mwaka 1979 hawakuwa wamepata kuishi katika siku ambazo kumfungulia mtu mlango ni swali la uhai. Wewe umeishi. Mwaka 2020 shule zilifungwa, safari zikazuiwa, na watu walizikwa na jamaa wachache waliosimama mbalimbali. Ulijifunza ukiwa mtoto kwamba huruma ya mmoja yaweza kuwa msiba wa kumi, na kwamba sheria baridi pengine ina upendo ndani yake. Nani basi anauelewa mlango ule zaidi, aliyeutazama kwanza au anayeutazama sasa?

Wapinzani wa tatu ni wenye wivu wa umiliki. Hawa waliiona sinema mapema, nao hudhani kwamba kutangulia kuingia katika nyumba ni sawa na kuijenga. Ukitoa neno, hukuuliza ulikuwa wapi. Wajibu kwa adabu kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji amezoea nyumba yake hata haoni ufa ukutani. Mgeni huuona siku ya kwanza. Aliyesubiri miaka sita kati ya sinema ya pili na ya tatu alijaa matumaini, akafika amekwisha kuipenda au amekwisha kuichukia. Anayezitazama kwa mfululizo hana cha kulipiza kisasi. Huona waziwazi kwamba ya kwanza ni hadithi ya hofu na ya pili ni hadithi ya vita na umama. Kwamba ya tatu, iliyokuwa sinema ndefu ya kwanza ya Fincher na iliyotengenezwa katika ugomvi na wenye fedha, inawaua mwanzoni kabisa watu tuliowapenda katika ya pili, nayo ina uchungu lakini ina ujasiri. Na kwamba ya nne, inayomfufua Ripley kwa ufundi wa maabara baada ya miaka 200, ilifufua mwili kuliko ilivyofufua hadithi.

Maana simwambii mchelewaji asifu kila kitu. Anayesifu vyote ni sawa na asiyetazama. Scott mwenyewe alirudi mwaka 2012 kwa Prometheus na mwaka 2017 kwa Alien: Covenant, akataka kutueleza dubwana alitoka wapi na alifanywa na nani. Picha zake zinapendeza macho, lakini kadiri anavyoeleza ndivyo hofu inavyopungua, kwa kuwa usiku ukiwashwa taa si usiku tena. Na Romulus, kwa kutaka kuwafurahisha wapenzi wa zamani, iliuleta tena kwa mitambo uso wa mchezaji Ian Holm, aliyekuwa Ash, ambaye alikuwa amefariki mwaka 2020. Jamaa zake walikubali; hata hivyo nasema kwamba kuheshimu ya kale si kuwafanyisha wafu kazi. Huo ndio ugonjwa wa waliowahi: hutaka kupewa tena siku ya kwanza waliyoiona. Mchelewaji hana ugonjwa huo, kwa kuwa siku yake ya kwanza ni leo.

Wapinzani wa nne ni watu wazima wenye heshima zao, nao nawajibu kwa heshima. Husema kwamba hadithi za kutisha ni takataka, hazina elimu, tena huharibu vijana. Juu ya elimu, nawaomba waende shambani. Wako nyigu wadogo ambao hutaga mayai ndani ya mwili wa kiwavi aliye hai. Mayai huanguliwa, watoto humla kiwavi kwa ndani, kisha hutoboa ngozi na kutoka. Hivyo ndivyo anavyozaliwa dubwana wa Alien. Charles Darwin aliandika mwaka 1860 kwamba nyigu wa jamii hiyo walimtia mashaka juu ya wema wa maumbile. Nasi katika Kenya tunawafahamu kwa upande mwingine. Mwaka 1993 wataalamu wa wadudu waliwaachilia katika mashamba ya pwani nyigu wa aina hiyo walioletwa kutoka Asia, ili wamwangamize kiwavi anayetoboa mabua ya mahindi, ambaye naye asili yake ni Asia. Ugali tunaoula unalindwa na jambo lile lile linalotutia baridi tukiliona katika picha. Hadithi inayomfikisha kijana katika fikira hii si takataka. Imemwambia kwamba maumbile hayana chuki wala huruma, na kwamba hofu na faida hukaa nyumba moja.

Juu ya kuharibu vijana, wana sehemu ya haki, nami siwanyimi. Sinema hizi zina damu na mauaji. Uingereza iliipa ile ya kwanza alama ya X, yaani wasioingia miaka 18 wasiitazame, na si vizuri mtoto wa kidato cha kwanza akaitazama kwa siri usiku, chini ya blanketi, kwa sababu tu rafiki yake amemwita mwoga. Lakini tazama, msomaji, ni kitu gani kinachomsukuma mtoto huyo. Si sinema. Ni hofu ya kuchelewa. Ameambiwa kwamba asipoona leo atakuwa nyuma, na aliye nyuma ni mjinga. Anayewacheka wachelewaji ndiye anayewaingiza watoto katika mambo ambayo umri wao haujayafikia, na si katika sinema peke yake. Lau kila kijana angeamini kwamba kitu chema kitamngoja, nusu ya vishawishi vya ujana vingekosa nguvu. Kitu kilichomngoja mtu miaka 45 hakishindwi kumngoja mpaka atimize miaka 18.

Basi haya ndiyo masharti ninayompa aliyechelewa, kwa kuwa haki haiendi bila wajibu. Akifika umri wake, aanze na ya kwanza, afuate miaka jinsi sinema zilivyotoka, asivutwe na wanaomtaka aanze na mpya. Aulize ni nani aliyebuni, aliyechora, aliyevaa vazi. Aseme lililo zuri kuwa zuri na lililo bovu kuwa bovu, bila kuomba radhi kwa tarehe aliyofika. Akisha kujua, asimcheke anayekuja nyuma yake. Ampishe aketi, wala asimwambie kitakachotokea mezani.

Nawe, msomaji, usikubali hukumu ya watu wanaopima akili kwa kalenda. Vitabu vilivyo bora kuliko vyote utakavyovisoma viliandikwa kabla hujazaliwa. Nyota unazoziona usiku zilikwisha kutoa nuru yao zamani, nayo inakufikia leo, nawe huambiwi kwamba umechelewa kutazama juu. Fika kwa wakati wako. Ukifika, tazama sana.